Mwangwi chini ya kompresa: zege zuri, mchanga mita 3, na jiwe la matumbawe

"Shikamoo mama, naomba nilaze simu yangu hapa sakafuni dakika tano tu, afu naondoka."

Hivyo ndo kazi hii ya kutafuta mtetemo unatoka wapi ilivyoanza kwangu mimi mhandisi, mwaka juzi, kwenye sebule ya mama mmoja mtu mzima anayeishi jirani na kiwanda kidogo cha barafu kaskazini ya Dar, upande wa baharini kule. Akaniitikia marahaba baba, akanisogezea stuli, akanipeleka kwenye kabati la vyombo. Glasi zote za shelfu ya juu alikuwa kazishusha kaziweka kwenye beseni chini ya meza, maana zinagongana usiku kucha na hawezi kulala. Mwenye kiwanda alishamwambia mashine, ile kompresa ya kugandishia barafu, iko mita 35 kutoka hapo, tena kuna ukuta katikati, haiwezekani ikawa ni yeye. Mama hakubishana sana, alisema tu "baba, umeme ukikatika glasi zinanyamaza." Na akaongeza kitu ambacho siku hiyo nilikiandika bila kukielewa: masika iliyopita, mvua zilipokolea, kelele zilipungua, zikarudi zote mwezi wa saba.

Simu za siku hizi zina kihisi cha mwendo ndani, kilekile kinachojua kwamba umeilaza au umeisimamisha, na kuna programu za bure zinazochukua mtetemo na kukuonyesha umejigawa vipi kwa frikwensi, yaani kitu kinapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde. Sakafuni kwa mama nikapata mstari mmoja tu umesimama kama nguzo, 20 Hz. Nikaenda kiwandani nikailaza simu juu ya zege la kompresa yenyewe, pale nikapata mistari miwili, mmoja 10 Hz na mwingine 20 Hz. Kompresa inazunguka mara 600 kwa dakika, hiyo ni 10 kwa sekunde, kwa hiyo ile 10 haina maswali. Lakini kwa nini ile 10 imebaki kiwandani na ile 20 imevuka ukuta ikaenda kugonga glasi za watu? Nililala nalo hilo swali siku kadhaa, na jibu lake ndo sababu ya kuandika haya yote, kwa sababu liko ardhini na kwenye michoro ya msingi halionekani kabisa.

Kwanza mashine. Ni kompresa ya zamani ya silinda mbili zilizosimama wima, pistoni moja ikipanda nyingine inashuka. Watu wanadhani zikipishana hivyo nguvu zinafutana zote, na ni kweli zile nguvu kubwa za 10 Hz zinafutana, kinachobaki ni kule kupinda huku na huku kama mtu anayeyumbisha ndoo kwa mikono miwili, ndo ile 10 Hz niliyoiona juu ya zege. Lakini mkono unaounganisha pistoni na kranki, ile shafti inayozunguka, una urefu wake, hauwi wima muda wote, kwa hiyo pistoni haitembei sawasawa nusu ya juu na nusu ya chini ya safari yake, na tofauti hiyo inazaa nguvu ya pili yenye frikwensi mara mbili. Hiyo ya pili haifutani. Pistoni zote mbili zinaisukuma upande mmoja kwa wakati mmoja, wima, mara 20 kwa sekunde. Imeandikwa kabisa kwenye kitabu cha mashine, kwenye jedwali la nguvu zisizolingana, ukurasa ambao watu wengi wanauruka.

Sasa msingi wake. Zege la mita 3 kwa 4, kimo mita 1.6, uzito kama tani 46, na mashine pamoja na mota yake tani 9. Kuna kanuni ya mkononi tunayofundishwa kwamba mashine ya pistoni ipewe zege lenye uzito kama mara 5 ya uzito wake, na hapa imetimia. Nondo ziko vizuri, zege zuri, hata ufa hamna. Nasema hivi kwa sababu mwenye kiwanda alikuwa ameshalipa hela nyingi na kila mtu aliyekuja alimwambia "ongeza zege", na mimi sikutaka kuwa wa nne kumwambia hivyo bila hesabu.

Hesabu ya msingi unaotetemeka inaanzia mbali kidogo. Horace Lamb mwaka 1904 alionyesha ardhi inavyoitika ukiigonga kwenye nukta moja, Reissner mwaka 1936 akaweka sahani ya duara inayotetemeka juu ya ardhi, afu mwaka 1966 Lysmer na Richart wakaturahisishia maisha kwa kuonyesha kwamba sahani ile unaweza kuichora kama springi moja na shokapu moja, kama ya gari, na ukapata jibu karibu lilelile. Springi ni ugumu wa udongo. Shokapu ndo jambo la ajabu kidogo, maana ardhi haina mafuta wala bomba, kinachotokea ni kwamba msingi ukitikisika unarusha mawimbi na mawimbi yakiondoka yanaondoka na nguvu, hayarudi, kwa hiyo mtetemo unafifia. Kadiri ardhi inavyomeza mawimbi ndivyo msingi wako unavyotulia. Kwa sahani inayopanda na kushuka, springi ni 4Gr ukigawa kwa (1−ν), G ni ugumu wa udongo kwa mkato, yaani unavyokataa kusukumwa pembeni tabaka juu ya tabaka, r ni nusu kipenyo cha duara lenye eneo sawa na msingi wako, na ν ni namba ya Poisson, ile inayosema udongo ukibanwa juu unatanuka pembeni kiasi gani.

Lakini ndani ya fomula hiyo kuna sharti moja kubwa: ardhi ni ya aina moja, chini mpaka mwisho wa dunia. Hamna tabaka.

Nikaweka namba. Mchanga wa pale nimeupima mwenyewe, nitaeleza chini, mawimbi ya mkato yanapita kwa mita 150 kwa sekunde, uzito tani 1.8 kwa mita ya ujazo, hiyo inakupa G ya megapaskali 40 na nusu. r ni mita 1.95, ν nimechukua 0.33. Springi inatoka kama meganyutoni 470 kwa mita, na kwa tani 55 za zege na mashine, frikwensi asilia, ile ambayo msingi wenyewe unapenda kutikisika ukigongwa ukaachwa, inakuja 14.7 Hz. Na kufifia kwake ni asilimia 51 ya kile kiwango ambacho mtetemo haurudi hata mara moja. Asilimia 51! Gari lenye shokapu mpya halifikii hapo. Ukiisoma karatasi hiyo unafunga faili unaenda nyumbani, kwa sababu 20 iko mbali na 14.7 na kufifia ni kwingi. Nimeiona karatasi yenyewe ya aliyepiga hesabu ya mwanzo, hakukosea hata kujumlisha, kila mstari uko sawa. Shida ni moja, ripoti ya uchorongaji wa udongo imeambatanishwa nyuma kabisa na inasema wazi: mchanga mita 3, afu jiwe la matumbawe, mtarimbo umegoma. Matabaka yamo kwenye ripoti ila kwenye hesabu hayamo.

Niliumia kuona hivyo, nasema kweli. Mtu katoboa shimo, kalipwa, kaandika, na habari muhimu kuliko zote ikabaki kwenye kiambatisho.

Nikaenda kupima mwenyewe ili nisibishane kwa kukisia. Vifaa si vikubwa: jiofoni 12, yaani vihisi vya mtetemo wa ardhi, zimepangwa mstari mmoja mita moja moja, bamba la chuma, na kijana mwenye nyundo nzito. Unagonga, mawimbi ya Rayleigh yanatambaa juu ya ardhi kama yale ya dimbwini, na unasikiliza yanavyopita kila jiofoni. Utamu wake ni kwamba mawimbi marefu yanafika chini zaidi kuliko mafupi, kwa hiyo ardhi ikiwa na matabaka kila frikwensi inatembea kwa spidi yake, na ukichora spidi dhidi ya frikwensi unapata mchirizi ambao ni kama picha ya matabaka ukijua kuusoma. Pale kiwandani mchirizi ulipanda ghafla kwenye frikwensi za chini. Mchanga wa mita 150 kwa sekunde juu, chini yake kitu kigumu mara kadhaa, na mpaka wake karibu na mita 3. Ripoti ilikuwa sahihi.

Sasa weka jiwe kwenye hesabu. Kuna marekebisho ya Kausel ya mwaka 1974, mepesi tu, kwa tabaka lililokaa juu ya mwamba mgumu: ile springi ya wima unaizidisha kwa 1 ongeza 1.28r ukigawa kwa H, H ni unene wa tabaka. Kwa r ya 1.95 na H ya 3 unapata 1.83. Springi imekaribia kuwa mara mbili, kwa sababu mchanga umebanwa kati ya zege na jiwe hauna pa kukimbilia. Frikwensi asilia inapanda kutoka 14.7 mpaka 19.9 Hz.

Soma tena hiyo namba. Mashine inasukuma wima kwa 20.

Ni kama mtoto kwenye bembea na mtu anayemsukuma kila anaporudi, kila msukumo unaongezea uliopita. Na hata hapo pengine tungepona kama ile asilimia 51 ya kufifia ingekuwepo. Lakini haipo, na hii ndo sehemu inayonigusa zaidi katika mambo haya yote. Mawimbi yanayoshuka yanagonga jiwe na kurudi. Ardhi haimezi tena. Kila tabaka juu ya mwamba lina frikwensi ambayo chini yake mawimbi hayawezi kuondoka, yanabaki yanapanda na kushuka palepale. Kwa kuyumba pembeni unachukua spidi ya mkato ukigawa kwa mara nne ya unene: 150 kwa 12, ni 12.5 Hz. Kwa wima unatumia spidi kubwa zaidi, na kutegemea unatumia ipi unapata kati ya 20 na 25 Hz. Chini ya hapo shokapu yako ya kwenye karatasi imekufa, unabaki na kule kusuguana kwa chembe za mchanga zenyewe, asilimia 3, labda 5.

Kwa hiyo msingi uliopewa asilimia 51 una asilimia 5, na frikwensi yake iko palepale mashine inaposukuma. Nilipopiga hesabu ya kiasi zege linavyopanda na kushuka kwa nguvu ileile, tabaka juu ya jiwe lilinipa karibu mara 9 ya ile ardhi isiyo na mwisho. Nikalegeza kidogo, nikaruhusu matumbawe nayo yavute nguvu kiasi maana si chuma, yana matundu, ikashuka mpaka mara 4 au 5. Bado ni kubwa mno.

Na glasi za mama? Angalia zile namba mbili tena. Ile 10 Hz iko chini ya 12.5, tabaka haliwezi kuisafirisha hata pembeni, inafia palepale karibu na zege. Ile 20 iko juu ya 12.5, kwa hiyo hata kama njia ya chini imezibwa na jiwe, ile ndogo inayofanikiwa kutoka inakwenda pembeni, ndani ya mchanga, kati ya uso wa ardhi na jiwe, kama maji kwenye mfereji. Ukuta wa kiwanda msingi wake ni kina cha sentimita 60 tu, mawimbi yenye urefu wa karibu mita 7 hata hayaoni kama kuna ukuta. Nilipoelewa hapo nilisimama nikazunguka chumba kizima, kwa sababu mama alikuwa sahihi, simu ilikuwa sahihi, na fomula nazo zilikuwa sahihi, ilibidi tu zote zizungumzie ardhi moja.

Masika nayo ikajieleza. Mvua ikijaza ule mchanga mpaka juu, maji hayabaniki kirahisi, ν inasogea kuelekea 0.5, na kwa kuwa springi inagawiwa kwa (1−ν) inapanda kama theluthi moja. Frikwensi asilia inakimbia kutoka 20 kwenda kama 23, bembea na msukumaji hawaendani tena, glasi zinatulia kidogo. Mwezi wa saba mchanga umekauka, zimerudi. Mama wa watu alikuwa amepima mabadiliko ya namba ya Poisson kwa masikio.

Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe, njia ninayoipenda ni ya koni, walioikuza zaidi ni Meek na Wolf miaka ya 1990 mwanzoni. Unachukulia nguvu ya msingi inashuka ndani ya koni inayotanuka, ikifika kwenye jiwe inageuka, inapanda kwenye koni pana zaidi, inafika juu, inageuka tena, na kila safari inazidi kuwa hafifu kwa sababu imetawanyika. Ni mwangwi kabisa. Umewahi kupiga kelele ukutani kwenye ukumbi mtupu? Ndo hivyo. Msingi wako unasikia sauti yake mwenyewe ikirudi, mara ya kwanza kubwa, ya pili ndogo, ya tatu ndogo zaidi, na unazijumlisha kwa kubadilisha alama, toa, jumlisha, toa, jumlisha. Niliandika mistari kama 40 ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ikanipa springi mara 2.04 badala ya 1.83, na frikwensi asilia 21. Fomula moja inasema 19.9 nyingine 21, na mashine iko katikati yao. Zikikubaliana hivyo huhitaji kugombania namba ya pili baada ya nukta.

Ukiwa na matabaka mengi, mchanga, mfinyanzi, changarawe, mfinyanzi tena, hapo koni bado zinafanya kazi ila hesabu inakuwa ndefu, na wengi wanaenda kwenye matriksi, yaani majedwali ya namba. Mzizi wake ni Thomson mwaka 1950 na Haskell mwaka 1953, waliounganisha tabaka na tabaka kwa masharti ya mpakani, afu Kausel na Roësset mwaka 1981 wakaipanga upya iwe kama matriksi za ugumu ambazo mhandisi wa majengo anazizoea. Kila tabaka ni matriksi ndogo, unazipanga moja juu ya nyingine kama matofali, chini kabisa unaweka mwamba. Inapendeza sana kuiona ikifanya kazi.

Na wale wa programu za elementi, zile za kugawa ardhi vipande vipande, nisikilizeni kwa mambo mawili, nimeona yakiharibu kazi za watu wazuri. La kwanza, ukubwa wa kipande. Kwa 20 Hz na mita 150 kwa sekunde wimbi lina urefu wa mita 7.5, na unataka vipande 8 mpaka 10 ndani ya wimbi moja, kwa hiyo usizidi kama sentimita 75. Ukiweka vipande vya mita 3 programu haitakataa, itakupa picha ya rangi nzuri isiyo na wimbi lolote la kweli ndani yake. La pili ni mpaka wa modeli. Ardhi ya kompyuta ina mwisho, na mawimbi yakifika ukingoni yanagonga na kurudi, unakuwa umejenga jiwe ambalo halipo. Lysmer na Kuhlemeyer mwaka 1969 walipendekeza kuweka shokapu kwenye kingo ili ziyameze, karibu kila programu inazo, ila lazima uziwashe. Mimi kabla ya kuamini modeli yoyote naigonga mara moja pigo fupi, nakaa naangalia. Kikirudi kitu wakati ambao hakuna tabaka la kukirudisha, nafungua upya kingo.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya kompresa moja na glasi za mtu. Lakini ile robo, spidi kwa mara nne ya unene, ndiyo ileile iliyoiangamiza Mexico City tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko lenyewe lilikuwa pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya ziwa la zamani la Texcoco, mfinyanzi laini wenye maji mengi. Kwenye kituo cha kupimia matetemeko kinachoitwa SCT mfinyanzi una unene wa kama mita 38 na mawimbi ya mkato yanapita kwa kama mita 75 tu kwa sekunde. Mara nne ya 38 ni 152, gawa kwa 75, unapata sekunde 2. Na ndivyo ilivyorekodiwa, ardhi iliyumba kwa mapigo ya sekunde mbili mbili, moja baada ya jingine, ikifika 0.17 ya g, yaani ya mvutano wa dunia, wakati kwenye mawe ya chuo kikuu cha UNAM, mji uleule, ilikuwa kama 0.03. Majengo ya ghorofa 6 mpaka 15 ndiyo yaliyoumia zaidi, kwa sababu yakishaanza kulegea mapigo yake yanasogea kuelekea zile sekunde mbili. Majumba mengi mafupi ya zamani yalibaki yamesimama, na mnara wa Torre Latinoamericana wenye ghorofa zaidi ya 40 ulibaki umesimama. Walioishi juu ya jiwe na walioishi juu ya mfinyanzi walipata matetemeko mawili tofauti siku moja. Sijawahi kuzisoma namba hizo nikabaki vilevile, na sisi wenye Bonde la Ufa, tulioiona Bukoba ikianguka tarehe 10 Septemba 2016, tunapaswa kujua mita ngapi za udongo ziko chini ya shule zetu.

Turudi kiwandani. Kuongeza zege peke yake kungeteremsha frikwensi, lakini ukitoka tani 55 kwenda 80 unafika 16 na nusu tu, na kila zege unalolitanua pembeni linaongeza r, springi inapanda nayo, unalipa hela nyingi unahama kidogo. Kwanza tukabadilisha puli. Kompresa inaendeshwa kwa mikanda, tukaishusha kutoka mizunguko 600 mpaka 500, ile nguvu ya pili ikawa 16.7 Hz na yenyewe ikapungua kwa kuwa inaenda na mraba wa spidi. Kwa hesabu yangu mtetemo ulitakiwa ubaki kama moja ya tano, na simu sakafuni kwa mama ikaonyesha kitu cha kufanana na hicho. Lakini barafu ilipungua nayo, na wavuvi hawasubiri.

Dawa ya kudumu ilikuwa kwenda kwenye jiwe lenyewe. Tukachoronga mashimo 8 kuzunguka zege, sentimita 30 kila moja, mpaka ndani ya matumbawe, nondo na zege, afu tukayafunga na msingi wa zamani kwa mkanda wa zege mpya uliotobolewa nondo kuingia ndani. Sasa uzito haukai tena juu ya mchanga, frikwensi asilia imepita 35, na 20 iko chini yake kwa mbali. Mashine ikarudishwa mizunguko 600. Siku niliyoenda kupima, mstari wa 20 Hz kwa mama ilibidi niukuze ndo niuone. Nilikuta kabati limefungwa na glasi ziko juu, zimepinduliwa kwenye kitambaa cheupe, na akanikaribisha chai kwenye mojawapo.

Mwezi uliopita mwenye kiwanda kanipigia tena, kanunua kompresa ya pili ya aina ileile, ataifunga upande wa pili wa kiwanja, na safari hii swali lake la kwanza lilikuwa "mhandisi, kule jiwe liko mita ngapi?" Nimeenda na jiofoni na kijana wa nyundo. Matumbawe hayajalala sawa, kule yako mita 7. Kwa zege lilelile la kwanza springi inakuwa mara 1.36 tu, frikwensi asilia kama 17, na njia ya mawimbi ya wima inafunguka kwenye kama 11 Hz, kwa hiyo ile 20 ina pa kutokea na kufifia kunarudi. Mashine ileile, zege lilelile, mita 200 kutoka pale. Nimemwambia asichoronge kitu kwanza, nimalize kupima tena mchanga ukiwa umelowa.